Mamlaka ya Msimamizi katika Kompyuta: Maana Yake, Asili Yake na Hatari ya Kuipa Kila Programu

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja la kompyuta linalowagusa walimu na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kongo kuliko inavyodhaniwa, nalo ni desturi ya kuziendesha programu zote kwa mamlaka kamili ya mashine, hata pale ambapo kazi inayofanywa haihitaji mamlaka hayo. Kwa kawaida jambo hili huachiwa mafundi, kwa kuwa hudhaniwa kuwa ni la nyaya na vyuma. Lakini kiini chake ni suala la nani ameruhusiwa kufanya nini, kwa idhini ya nani na kwa muda gani. Masuala ya namna hiyo hayawezi kuelezwa vizuri bila kuyapima maneno yanayotumika, na ndiyo maana yanastahili nafasi katika jarida la taaluma za Kiswahili.

Hali yenyewe inajulikana kwa kila aliyesoma Lubumbashi. Mwanafunzi anayeandika kazi yake ya mwisho wa masomo, awe anakaa Kasapa au Katuba, mara nyingi hana kompyuta yake mwenyewe. Huyapeleka maandishi yake katika flashi mpaka kwenye ofisi ndogo ya uchapaji, ambamo mashine mbili tatu huwahudumia watu wengi kwa siku moja. Flashi ya huyu hutolewa, ya yule huchomekwa. Ikiwa mashine hiyo imefunguliwa kwa akaunti yenye mamlaka yote, flashi moja yenye kirusi inatosha kuiambukiza mashine nzima, na mashine hiyo kuziambukiza flashi zote zitakazofuata. Kinachopotea hapo ni kazi ya miezi, pengine siku chache kabla ya tarehe ya kuikabidhi.

2. Akaunti, mtumiaji na programu

Ili kulielewa jambo hili, hapana budi kutofautisha vitu vitatu. Cha kwanza ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoongoza mashine yote, kama vile Windows au Linux. Cha pili ni akaunti, yaani kitambulisho ambacho mtu huingia nacho kwenye mashine. Cha tatu ni programu za kazi: ya kuandika, ya kupiga hesabu, ya kusoma barua na nyinginezo.

Katika mifumo mingi kuna akaunti za aina mbili. Akaunti ya mtumiaji wa kawaida humruhusu mtu kuandika, kuhifadhi na kuchapa mafaili yake, lakini haimruhusu kugusa mafaili ya mfumo wala ya watumiaji wengine. Akaunti ya msimamizi huruhusu mambo hayo yote: kuweka programu mpya, kufuta mafaili ya mfumo, kufungua akaunti za watu wengine na kuzifunga.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba programu hurithi mamlaka ya mtu aliyeifungua. Programu ya kuandika barua ikifunguliwa na mtumiaji wa kawaida, haina uwezo wa kuuharibu mfumo. Programu hiyo hiyo ikifunguliwa na msimamizi, inaweza kufanya kila kitu ambacho msimamizi anaweza kufanya, ijapokuwa mwenyewe anataka kuandika barua tu. Kompyuta haina njia ya kujua nia ya aliyeketi mbele yake. Inachojua ni kwamba amri imetoka kwa mwenye mamlaka.

Mfano wa hapa Katanga unaweza kusaidia. Katika makambi ya kazi ya Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, kapita alikuwa na mamlaka juu ya kundi lake la wafanyakazi. Mamlaka hayo yalihusu kazi ile na watu wale, wala hayakumpa ruhusa ya kufungua sanduku la fedha za kampuni. Zamu naye alilinda mlango usiku, lakini hakupewa kazi ya kuandika orodha ya mishahara. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha mamlaka, kulingana na kazi yake. Kuendesha kila programu kwa mamlaka ya msimamizi ni sawa na kumpa kila anayepita langoni funguo zote za kampuni, kwa kuwa mmoja wao huenda akahitaji kufungua mlango mmoja.

3. Asili ya tatizo

Tofauti ya mamlaka ilianza mapema katika mashine kubwa zilizotumiwa na watu wengi kwa pamoja. Mfumo wa UNIX, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani, uliwapa watumiaji nambari. Mwenye nambari 0 ndiye aliyeitwa kwa neno lenye maana ya mzizi, naye hakuzuiwa na chochote.

Lakini hata watumiaji wa kawaida walikuwa na haja ndogondogo zilizohitaji mamlaka hayo. Mathalani, mtu anayetaka kubadilisha nenosiri lake hana budi kuandika katika faili ambalo ni la mfumo. Ritchie alibuni njia ya kuitia alama programu moja maalumu ili, inapofunguliwa na mtu yeyote, ifanye kazi kwa mamlaka ya mwenye programu na si ya aliyeifungua. Hivyo mtumiaji hubadilisha nenosiri lake bila kupewa mamlaka yote ya mfumo. Ubunifu huo ulipewa hataza mwaka 1979.

Mwaka 1975, Jerome Saltzer na Michael Schroeder walichapisha makala mashuhuri kuhusu ulinzi wa habari katika kompyuta. Miongoni mwa kanuni walizozipanga, mbili zinahusu mada hii moja kwa moja. Kanuni moja inataka kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa mamlaka madogo kabisa yanayotosha kuikamilisha kazi yake. Nyingine inataka hali ya awali iwe kutoruhusu, na ruhusa itolewe pale tu inapohitajika. Kanuni hizo hazijapitwa na wakati, na bado zinafundishwa.

Kwa bahati mbaya, kompyuta ndogo zilizofika majumbani na maofisini hazikufuata njia hiyo. Mfumo wa MS-DOS uliotoka mwaka 1981 ulidhania kwamba mashine ina mtu mmoja tu, na kwamba mtu huyo ni mwenye mashine. Windows 95 na Windows 98 zilirithi dhana hiyo: programu yoyote iliweza kuandika popote. Watunzi wa programu wakazoea. Programu za hesabu, za michezo na za kamusi ziliandika mafaili yake ndani ya folda za mfumo wenyewe, kwa kuwa hapakuwa na aliyewazuia.

Windows XP ilipotoka mwaka 2001, ilikuwa na akaunti za aina zote mbili, kwa sababu ilijengwa juu ya Windows NT iliyotoka mwaka 1993. Hata hivyo, akaunti zilizofunguliwa wakati wa kuiweka kwenye mashine ya nyumbani zilikuwa za msimamizi. Mojawapo ya sababu zake ilikuwa ile mazoea ya zamani: programu nyingi zingekataa kufanya kazi chini ya akaunti ya kawaida, na mnunuzi angeilaumu Windows mpya badala ya programu yake kuukuu. Kwa hiyo usalama uliahirishwa ili watu wasisumbuke.

Windows Vista, iliyofika madukani Januari 2007, ilijaribu kuirekebisha hali hiyo. Tangu wakati huo, msimamizi anapoingia hupewa vibali viwili: kimoja cha kawaida, ambacho programu zake hukitumia, na kimoja cha mamlaka kamili, ambacho hakitumiki mpaka dirisha litokee kuuliza na yeye akubali. Watu wengi walilalamika kwamba waliulizwa mno, na Windows 7 ya mwaka 2009 ikapunguza maswali. Swali linaloulizwa mara kwa mara huzaa jibu la mazoea: mtu hubonyeza kukubali kabla ya kusoma.

Upande wa Linux, toleo liitwalo Ubuntu, lililotoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, liliifunga kabisa akaunti ya mzizi tangu mwanzo. Mtumiaji hufanya kazi zake kwa mamlaka ya kawaida, na anapohitaji mamlaka makubwa huyaomba kwa amri moja, iitwayo sudo, kwa ajili ya kazi ile moja. Amri yenyewe ilibuniwa yapata mwaka 1980 katika chuo kikuu kimoja mjini Buffalo, Marekani. Jina Ubuntu halihitaji kufasiriwa kwa wasomaji wa hapa: ni ndugu wa utu wa Kiswahili na bumuntu ya Kiluba.

4. Hatari zenyewe

Hatari ya kwanza ni ya virusi na minyoo ya kompyuta. Mnyoo ulioitwa Conficker ulionekana Novemba 2008 ukaenea katika mamilioni ya mashine duniani. Ulipita katika njia tatu: kasoro ya Windows ambayo marekebisho yake yalikuwa yameshatolewa Oktoba mwaka ule, manenosiri dhaifu ya wasimamizi katika mitandao ya ofisi, na flashi. Njia hii ya tatu ndiyo iliyowahusu zaidi watu wa miji yetu. Wakati huo Windows iliweza kufungua programu iliyomo ndani ya flashi kwa urahisi mno, mara tu ilipochomekwa au ilipobonyezwa. Mlango huo ulifungwa kwa mashine nyingi za XP na Vista kwa marekebisho yaliyosambazwa Februari 2011. Kirusi kikifunguliwa chini ya akaunti ya kawaida, hubaki katika mafaili ya mtumiaji yule, na kukiondoa ni kazi ndogo. Kikifunguliwa chini ya msimamizi, hujichimbia katika mfumo, huizima programu ya kukinga virusi, na pengine dawa pekee inayobaki ni kuisafisha mashine yote na kuiweka upya.

Hatari ya pili ni ya makosa yasiyo na nia mbaya. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni kuzilinda kompyuta, ilisambaza faili lenye kasoro kwa wateja wake. Programu ya kampuni hiyo ilikuwa ikifanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, mahali penye mamlaka makubwa kuliko yote. Kwa hiyo kosa lake halikuishia kwake, bali liliziangusha mashine nzima. Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta milioni 8.5 ziliathirika, na safari za ndege, hospitali na mabenki katika nchi nyingi zikavurugika. Hapakuwa na mwizi wala mhaini. Kulikuwa na faili bovu lililopewa nafasi ya kuharibu kila kitu.

Hatari ya tatu ni ya hila zaidi, nayo ni ya mjumbe aliyechanganyikiwa. Mwaka 1988, Norm Hardy alisimulia kisa kilichotokea katika kampuni ya Tymshare. Palikuwa na programu ya kutafsiri lugha ya Fortran ambayo ilipewa ruhusa ya kuandika katika folda ya mfumo, ili ihifadhi takwimu za matumizi yake. Katika folda ile ile mlikuwa na faili la madeni ya wateja. Mtumiaji mmoja, alipoulizwa na programu aandikiwe wapi taarifa za makosa, alilitaja jina la faili la madeni. Yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuligusa faili hilo, lakini programu ilikuwa nayo. Ikatii, ikaandika, na kumbukumbu za madeni zikafutika. Waswahili husema mjumbe hauawi. Lakini mjumbe aliyepewa funguo za bwana wake anaweza kuwafungulia wageni bila kujua.

5. Suala la istilahi

Kazi ya kuipa kompyuta lugha ya Kiswahili imefanywa na wengi. Mwaka 2004, kwa mfano, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo la Kiswahili la OpenOffice lililoitwa Jambo OpenOffice. Wengine walipendekeza kompyuta iitwe tarakilishi au ngamizi, ingawa katika matumizi neno kompyuta ndilo lililoshinda. Hata hivyo, katika Lubumbashi mashine nyingi huzungumza Kifaransa, na mtumiaji hukutana na amri isemayo “Exécuter en tant qu’administrateur”.

Neno administrateur lina historia nzito hapa. Tangu enzi ya Wabelgiji mpaka leo, administrateur wa teritwari ni mkuu wa serikali katika eneo lake. Nyuma yake kuna sura ya Bula Matari, mvunja mawe, jina alilopewa Stanley na ambalo baadaye lilikuja kuwa jina la dola yenyewe. Si ajabu basi kwamba mtu akisikia neno hilo hufikiria cheo. Katika ofisi, mkuu wa idara huona ni kuvunjiwa heshima kompyuta yake ikifunguliwa kwa akaunti ya kawaida ilhali fundi kijana anayo ya msimamizi. Kumbe hapo hakuna heshima iliyopungua. Mkuu huandika barua, na kuandika barua hakuhitaji mamlaka ya kuubadilisha mfumo.

Neno msimamizi lina faida juu ya administrateur, kwa kuwa husimama karibu na kazi: kuna msimamizi wa mtihani, msimamizi wa mirathi, msimamizi wa ujenzi. Kila mmoja wao ana mamlaka kwa ajili ya shughuli fulani, na shughuli ikiisha mamlaka yake huisha nayo. Kwa upande mwingine, kumtafsiri mwenye nambari 0 kuwa ni mzizi kunabakiza taswira ya asili, lakini hakumwambii msomaji kwamba mzizi huu unaweza kuung’oa mti.

Lililo gumu zaidi ni kutaja kile anachopewa msimamizi. Wengine husema haki. Lakini haki ni kitu ambacho mtu anastahili kuwa nacho na kulalamika akinyimwa. Wengine husema ruhusa, neno linalofaa kwa kitendo kimoja kimoja. Kwa mamlaka makubwa, neno dhamana linaelekea kuwa bora: aliyepewa dhamana amekabidhiwa kitu cha wengine, na ataulizwa amekitumiaje.

Vivyo hivyo kwa neno chaguo-msingi, ambalo limeenea katika programu za Kiswahili kwa kutaja hali ambayo mashine huja nayo. Neno hili lina ukweli uliojificha. Chaguo lipo, isipokuwa halikufanywa na mtumiaji. Lilifanywa na mtu mwingine, mahali pengine, kabla ya mashine kufunguliwa. Mtu asipolibadilisha, amelikubali.

6. Yanayowezekana kufanywa

Hatua zifuatazo hazihitaji fedha wala fundi wa mbali:

(a) Katika kila mashine ziwepo akaunti angalau mbili. Ya msimamizi iwe na nenosiri linalojulikana na mtu mwenye dhamana tu. Kazi za kila siku zifanywe katika ile ya kawaida.

(b) Mashine ikitumiwa na watu kadhaa, kila mfanyakazi awe na akaunti yake. Hapo faili la alama za mwalimu mmoja halitafutwa kwa kosa la mwingine.

(c) Dirisha la kuomba mamlaka likitokea, lisomwe. Swali la kujiuliza ni hili: je, kazi ninayoifanya inahusu kuweka au kubadilisha programu? Kama ni kufungua barua au picha, jibu ni kukataa.

(d) Programu ya zamani isiyokubali kufanya kazi bila mamlaka ya msimamizi isipewe mashine nzima. Mara nyingi inachohitaji ni kuandika katika folda yake mwenyewe. Basi mtumiaji aruhusiwe kuandika katika folda hiyo pekee.

Simu za Android, zilizoanza kuuzwa mwaka 2008, zinaonyesha kuwa mpango huu unawezekana kwa mtu yeyote. Ndani yake kila programu huhesabiwa kama mtumiaji wa peke yake, na tangu toleo la 6 la mwaka 2015 huomba ruhusa ya kutumia kamera au kipaza sauti wakati inapoihitaji. Mamilioni ya watu wasiowahi kusikia habari ya UNIX huutumia mpango huo kila siku.

Hata hivyo mipaka ya kinga hii haina budi kusemwa. Mafaili ya mtumiaji mwenyewe yako ndani ya uwezo wake, kwa hiyo yako pia ndani ya uwezo wa programu aliyoifungua. Kirusi cha ILOVEYOU cha Mei 2000 kilifuta picha na mafaili mengine ya watu bila kuhitaji mamlaka ya msimamizi. Mwanafunzi aliyefungua kirusi katika akaunti ya kawaida ataiokoa mashine na kazi za wenzake, lakini anaweza kuipoteza yake. Kwa hiyo nakala ya pili, iliyowekwa mahali pasipochomekwa katika mashine za watu, haina mbadala.

7. Hitimisho

Tarehe 13 Machi 2023 Kongo ilipata sheria yake ya mambo ya dijitali, ambayo pamoja na mengine huadhibu kuingia katika mifumo ya kompyuta bila idhini. Sheria humfuata mkosaji baada ya tendo; haimrudishii mwanafunzi sura tatu za kazi yake, wala haimrudishii mwalimu orodha ya alama. Mgawanyo wa mamlaka hufanya kazi kabla ya tendo, na unaweza kuwekwa kwa muda wa nusu saa katika ofisi yoyote yenye kompyuta.

Walimu wa lugha wanayo sehemu yao katika kazi hiyo. Maadamu mamlaka ya msimamizi yanaitwa haki au cheo, kila mtu atayataka na hakuna atakayekubali kupokonywa. Yakiitwa dhamana, itakuwa rahisi zaidi kumwuliza mtu ameyahitaji kwa kazi gani, na kumtaka ayarudishe kazi ikiisha.